Kikohozi katika nyumba ya mkulima: moshi, vumbi, na wakati wa kukimbia kwa munganga



Wakati maharagi ya msimu B yanapigwa, sisi tunaotembelea vikundi tunasikia sauti mbili kiwanjani: fimbo na kikohozi. Tukiuliza, watu wanajibu: "Iko baridi tu, itapita." Mara nyingi inapita kweli. Lakini safari zingine haipiti, na mtoto anakufa kwa ugonjwa wenye dawa. Kwa hiyo leo tunaacha mbegu na mbolea kidogo, tuongee juu ya kifua.

BRONKITI NI NINI?

Hewa inapita puani na kooni, halafu inaingia katika mirija inayogawanyika ndani ya mapafu kama matawi ya mti. Mirija hiyo ikivimba na kujaa makohozi, ndiyo bronkiti. Mara nyingi inaletwa na virusi, kama vile gripe iliyoshuka kifuani. Mtu atakohoa wiki moja mpaka tatu, kisha atapona.

Iko bronkiti nyingine, ya muda mrefu. Mtu anakohoa na kutoa makohozi miezi mitatu kwa mwaka, miaka miwili kwa kufuatana. Hiyo inatokana na tumbaku, moshi wa jikoni au vumbi la kazi. Huyo anapanda kilima na jembe lake, anasimama mara tatu kutafuta pumzi. Dawa zinaweza kumpunguzia, lakini asipoondoka kwenye moshi na tumbaku, mapafu yataendelea kuharibika.

Nimonia inapita hapo. Ugonjwa umefika mwisho wa matawi, kwenye vifuko vidogo vya hewa, navyo vinajaa maji na usaha. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema kwamba mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740.000 wenye umri chini ya miaka 5 duniani.

KWETU INATOKA WAPI?

Kwanza, moshi. Juu ya milima ya Masisi baridi ni kali: moto unawaka ndani ya nyumba, mlango umefungwa, watu wanalala kando yake. Walikale kuna joto, lakini mvua ya msitu inalowesha kuni, na kuni zenye maji zinatoa moshi mwingi. Pande zote mbili mama anapika akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto anavuta moshi ule ule.

Pili, vumbi: kupiga maharagi, kupepeta mpunga, kusaga mihogo mashinini, kugeuza majani makavu yenye ukungu. Vijana wanaochimba koltani Rubaya au kasiterite Bisie wanaweza kuvuta vumbi la mawe, na hilo linaacha makovu kwenye mapafu yasiyopona tena.

Tatu, kubanana. Familia zilizokimbia vita na kulala watu wengi chini ya bashi moja zinapeana virusi haraka sana.

DAWA IPI, NA WAKATI GANI?

Antibiotiki haiui virusi. Hata hivyo sokoni tunaona watu wakinunua vidonge vinne vya ampisilini kwa kikohozi chochote. Ni kama mtu anayepalilia mistari miwili na kuacha majani mengine yazae mbegu: vijidudu vinavyobaki vinazoea dawa, na siku ya nimonia ya kweli dawa ile haitasaidia tena.

Kwa kikohozi cha kawaida, mgonjwa apumzike, anywe maji na chai ya moto kidogo, aendelee kula. Mtoto mchanga anyonyeshwe mara nyingi. Asali inatuliza koo, lakini usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Kwa watoto, jifunzeni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, inua nguo yake, angalia kifua, hesabu dakika moja nzima kwa saa ya telefone. Pumzi ni za mbio zikifika:

– 60 au zaidi, kwa mtoto chini ya miezi 2;
– 50 au zaidi, kuanzia miezi 2 hadi 12;
– 40 au zaidi, kuanzia mwaka 1 hadi 5.

Ukipata hesabu hiyo, usingoje kesho. Nenda kwa reko wa kijiji au kituo cha afya. Kama ni nimonia, munganga anaweza kutoa amoksisilini, vidonge vinavyoyeyuka ndani ya maji. Maliza siku zote alizosema, hata kama mtoto ameanza kucheza.

Hali ni mbaya zaidi kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani akivuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea bila kuamka vizuri, ana degedege, au midomo yake inageuka rangi ya bluu. Huyo anahitaji hospitali, pengine na oksijeni.

Mtu mzima akikohoa wiki mbili au zaidi, akikonda, akitoka jasho usiku au akitema damu, apimwe makohozi. Inaweza kuwa kifua kikuu. Dawa zake zinatolewa bila malipo. Kwa kawaida zinamezwa miezi 6, na kuziacha katikati ni hatari kwake na kwa nyumba nzima.

KOPERATIVE INAWEZA KUFANYA NINI?

Pigeni maharagi nje, mkisimama upande upepo unakotoka, mdomo na pua vimefunikwa kwa kitambaa. Watoto wakae mbali na kiwanja.

Jikoni, fungueni dirisha na tundu la moshi juu. Wekeni kuni chini ya paa zikauke kabla ya mvua. Wakati wa kupika, mtu mwingine ashike mtoto nje. Kazi hiyo hata baba anaiweza.

Angalieni karata ya chanjo. Chanjo za kifaduro na za nimonia zinatolewa kwenye wiki 6, 10 na 14, ya shurua kwenye miezi 9. Kongo ilianza kutoa ile ya pneumokoki, kijidudu kikubwa cha nimonia, mwaka 2011.

Mwisho, kasa. Katika zoni zetu za afya, kuanzia Kirotshe, Katoyi na Mweso mpaka Pinga, Kibua na Itebero, wengi wanaishi mbali na kituo, na njia inaweza kufungwa na mvua au na vita. Mtoto anayepumua mbio hawezi kungoja baba auze mbuzi. Kama mnavyochanga likelemba kwa ajili ya mbegu, wekeni pembeni pesa kidogo ya moto, na mkubaliane mapema ni nani watabeba tipoyi mahali moto haifiki. Mkutano wenu ujao, anzeni na jambo hilo, na kila mzazi ajaribu kuhesabu pumzi za mtoto wake mbele ya wenzake.