Kabla Hujanunua Betri, Pima Altaneta

Wenzangu mliokwenda tipii sehemu za milimani mnajua hali ilivyo. Gari linalopanda kule ni Land Cruiser ya mtu, na likigoma, shule mnaifuata kwa miguu. Sisi tulikuwa wanne kwenye shule moja juu ya Lushoto, na usafiri wetu ulikuwa Land Cruiser ya zamani ya dizeli, mali ya baba yangu mdogo. Ikaanza visa. Usiku taa zinafifia, honi inakoroma, asubuhi stata inagonga "ka-ka-ka" kisha kimya. Dereva akatoa hukumu: betri imekufa. Tukachanga kwenye bumu, tukanunua mpya. Siku ya tatu nayo ikalala.

Naandika haya ili wewe pesa yako isiende njia hiyo. Betri ni ghala tu, haitengenezi umeme. Kazi yake kubwa ni kuwasha gari. Injini ikishawaka, umeme wa taa, feni na wa kurudishia betri unatoka kwenye altaneta. Altaneta ikifa, kila betri utakayofunga itakunywewa mpaka iishe, hata iwe ya bei gani.

Kinachotokea ndani ni kitu tunachokwenda kukifundisha kidato cha nne. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na koili, umeme unazaliwa kwenye koili. Ndani ya altaneta kuna sumaku ya umeme inayozungushwa na mkanda wa injini, katikati ya koili zilizotulia. Umeme wa kuiamsha sumaku hiyo unapitia vipande viwili vidogo vya kaboni, mafundi wanaviita brashi. Kinachotoka kwenye koili ni mkondo geu, kwa hiyo diodi zinaunyoosha ndipo uende kwenye betri. Halafu kuna reguleta, inayozuia volti zisipande kupita kiasi. Basi, vitu vya kuharibika ni hivyo: mkanda, beringi, brashi, diodi, reguleta, na nyaya.

Kujua kama altaneta inachaji unahitaji mita ya kawaida tu, ile ya maabara. Pima kwenye vichwa vya betri gari likiwa limezimwa muda mrefu. Kwa mfumo wa volti 12, betri iliyojaa inasoma karibu 12.6. Washa injini, pandisha resi kidogo, pima tena. Altaneta nzima itakupa kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Washa taa kubwa na feni: volti zishuke kidogo, siyo kuporomoka. Ukiona imebaki 12 na inazidi kushuka, hakuna chaji. Ukiona imepita 15, reguleta imeachia, na hiyo itachemsha betri mpaka iharibike.

Sisi tulipata 12.1, na namba ilikuwa ikishuka huku tunaitazama.

Hata hapo usikimbilie kununua altaneta. Angalia kwanza mkanda: umelegea, umeng'aa, au una mafuta? Kisha pima kati ya nguzo kubwa ya altaneta na chanya ya betri, injini ikinguruma na taa zikiwaka. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya au kwenye kichwa chenye kutu. Fanya vivyo hivyo kati ya bodi ya altaneta na hasi ya betri. Magari ya matope na kuvuka mito yanasumbuliwa sana na kutu ya namna hii.

Jambo moja nakuomba ulikatae: fundi kuchomoa betri injini ikiwa inawaka "ili tuone kama itazima". Volti zinaruka ghafla na zinaweza kuua diodi, hata vifaa vingine vya umeme.

Sasa sikiliza sehemu iliyonitisha. Fundi wa kwanza alituletea altaneta ya bei nafuu kutoka gari dogo. Akaifunga, volti zikasoma 14.1, tukashangilia. Kabla ya safari dereva akalizungusha uwanjani. Alipokanyaga breki mara ya tatu, pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Gari likasimama kwa shida, na hapo palikuwa tambarare.

Tukampelekea mzee mmoja mwenye gereji. Nikamwamkia, akaitikia huku tayari ameinamia injini. Akauliza, "Mwalimu, pampu ya upepo mmeipeleka wapi?" Kumbe kwenye baadhi ya Land Cruiser za dizeli, nyuma ya altaneta kuna pampu inayovuta hewa kwa ajili ya kilainishi cha breki. Injini ya dizeli haina mvuto wa hewa wa kutosha kama ya petroli, kwa hiyo pampu ndiyo inayorahisisha mguu wako. Altaneta ya gari dogo haikuwa nayo. Tungeteremka kona za kwenda Mombo tukiwa na abiria na magunia ya kabichi, breki ikihitaji nguvu za watu wawili.

Mzee akaturudishia altaneta yetu ya mwanzo. Akafungua hasi ya betri kwanza, maana waya mkubwa wa altaneta una umeme muda wote. Alipoifungua, brashi zilikuwa zimelika hadi mwisho, na tope kavu limejaa ndani. Akabadilisha brashi na beringi, akapima diodi moja moja (nzima inapitisha umeme upande mmoja tu), akakagua mipira ya mafuta ya ile pampu. Gharama yote haikufika nusu ya bei ya betri tuliyonunua.

Angekuta koili zimeungua, tungebadilisha altaneta nzima. Ikifika hapo, nenda na ile ya zamani mkononi, ulinganishe volti, ampea, puli na pampu.

Na taa ya betri ikiwaka mkiwa porini? Zimeni kila kisichohitajika, msizime injini, rudini mchana. Dizeli za zamani zinakula umeme kidogo sana zikishawaka. Ila pedeli ya breki ikianza kuwa ngumu, simameni hapo hapo. Mkanda ukikatika, pampu nayo imesimama.

Betri yetu tuliichaji kwa chaja kabla ya kuirudisha, maana kuiachia altaneta ijaze betri iliyokauka ni kuichosha bure. Mpaka tunamaliza tipii haikulala tena. Mita ya maabara niliirudisha kabatini, na somo la Faraday nilianza kulifundisha nje, boneti ikiwa wazi.