Kabla hujaloweka chujio la mteja, toa sumaku

Wafanyabiashara wenzangu, leo nawapa kisa kilichonitoa elfu 46.

Nafanya usafi wa jikoni hapa Tanga: matundu ya hewa, feni za kutoa moshi na yale machujio ya mafuta yanayokaa juu ya jiko. Wateja wote nawapata WhatsApp. Mtaji wangu ni beseni, brashi na baiskeli (Tanga bila baiskeli utafika wapi?).

Kazi hii ina msimu. Ramadhani kila jioni ni sambusa, bajia, kaimati. Moshi unabeba mafuta mpaka kwenye chujio, yanaganda pale na vumbi. Ikifika Idi feni inaunguruma lakini moshi hautoki. Na si uchafu tu, mafuta yale yanashika moto. Mwali ukiruka kutoka kwenye karai unapata pa kudakia.

Basi mama mmoja wa Raskazone akanitumia picha ya machujio mawili, meusi tii. "Mwanangu, yatatakata?" Nikajibu haraka, "Yatarudi kama mapya mama." Tukakubaliana elfu 20, akanitumia advansi nusu.

Nyumbani nilikuwa na kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni ya mche. Nilishaitumia kwenye vyuma vya jiko ikatoa mafuta yote. Nikaloweka. Dakika chache tu maji yakaanza kuchemka bila moto, povu linapanda, harufu kali. Kuja kuyatoa, nyavu zimeliwa, na pembeni kuna tundu la kupita kidole.

Kumbe ni alumini. Kostiki inakula alumini na kutoa haidrojeni, hewa inayowaka. Bahati nilikuwa uani, siyo ndani karibu na jiko.

Nisiwafiche, nilishaandika meseji: "Mama, yalikuwa yameoza tangu mwanzo." Halafu nikakumbuka ile picha ipo kwenye simu yake, na inaonyesha machujio mazima. Nikafuta. Nikapiga simu, maana habari kama hii huandiki. "Shikamoo mama. Nimeyaharibu." Kimya. Kisha, "Sasa mimi napikaje?"

Nikaagiza mapya Dar, yakaja na basi siku ya tatu.

Siku hizi sitaji bei kabla ya picha tatu na sumaku. Namwambia mteja achukue hata ile ya kubandika kwenye friji. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa nahesabu ni alumini. Kuna stenlesi zisizonasa pia, lakini ukikosea upande huo hasara yako ni kusugua zaidi tu. Alumini naiosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, dakika 20, brashi laini, namwaga, narudia. Inakauka kabisa ndipo narudisha. Lile chujio jeusi la mkaa halioshwi, linabadilishwa, na mteja namwambia hata kama nakosa kazi. Feni siigusi mpaka swichi kubwa izimwe.

Halafu picha. Napiga nikifika, mteja akiwa pale, nakaribia kwenye kona, mikwaruzo na skrubu. Huku pwani chumvi ya bahari inakula vyuma, utakuta skrubu imeshaoza na ukiigusa inakatika mkononi mwako. Bila picha, wewe ndiye uliyeikata. Nawaambia hata nyie mnaofua mazulia na mnaorudisha rangi viatu: picha ya kutupia stetasi ni ile ya baada, lakini inayokuokoa ni ile ya kabla.

Yule mama hakunitangaza vibaya. Wiki iliyofuata alinitumia namba ya mdogo wake wa Chumbageni, na chini yake ameandika: "Huyu usimwekee kostiki."