Gari likipoteza nguvu mafuta yakipungua, anza na tangi kabla ya injini

DEREVA anayetoka Lodwar kuelekea Todonyang, kwenye ufuo wa kaskazini-magharibi mwa Ziwa Turkana karibu na mpaka wa Ethiopia, hujua kwamba safari hiyo haina vituo vingi vya kukimbilia.

Kadiri anavyosonga kaskazini, ndivyo njia inavyozidi kuwa ya mawe na mchanga, ikikatizwa na laga, yaani mito mikavu ambayo huweza kujaa ghafla mvua inaponyesha mbali milimani.

Ndiyo maana kuna hitilafu moja ambayo jijini Nairobi ni kero tu, lakini huku yaweza kuwa balaa. Gari hukimbia vizuri tangi likiwa limejaa, ila mshale wa mafuta ukikaribia robo linaanza kukatakata, linashindwa na kilima kidogo na hatimaye linazima, ilhali mafuta yamo.

Kukwama katikati ya laga ni hatari. Kulala njiani karibu na mpaka si jambo la kufanyia mzaha pia, kwani mnamo Mei 2011 zaidi ya watu 20 waliuawa katika shambulizi eneo la Todonyang.

Hata hivyo, madereva wengi hulichukulia tatizo hili kwa wepesi. Baadhi hubadilisha plagi na kufungua injini bure. Wengine huongeza mafuta, gari likapata nguvu, nao wakasahau mpaka siku nyingine.

Ukweli ni kwamba injini haijui tangi lina lita ngapi. Ikiwa inanguruma vizuri tangi likiwa limejaa na kudhoofika likipungua, basi ugonjwa haumo ndani ya injini. Umo tangini, au katika bomba linaloyatoa mafuta humo.

Sababu kuu

Ya kwanza ni uchafu. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo hukaa chini ya tangi pamoja na kutu na mchanga. Mafuta yanapopungua, mashapo hayo hutikiswa na kuvutwa kwenye chujio dogo lililo kwenye mdomo wa bomba la kufyonzea.

Sehemu kama Turkana, jambo hili ni la kutarajiwa. Ingawa ugunduzi wa mafuta ghafi ulitangazwa katika kaunti hiyo mnamo Machi 2012, petroli na dizeli zinazotumika huko husafirishwa kutoka mbali, na penye uhaba wa vituo watu huuziana kwa mitungi na mapipa. Kila mara mafuta yanapomiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, vumbi na maji hupata nafasi ya kuingia.

Ya pili ni ufa. Bomba la kufyonzea hushuka kutoka juu ya tangi hadi karibu na sakafu yake. Likitoboka kwa kutu au kupasuka kwa mitikisiko, mafuta yaliyo juu ya ufa huficha kasoro hiyo. Yakishuka chini ya ufa, bomba hufyonza hewa badala ya mafuta. Injini ya dizeli haivumilii hewa hata kidogo.

Ya tatu ni mwendo wa mafuta yenyewe. Gari likipanda mwinuko au kuyumba mchangani, mafuta machache hukimbilia upande mmoja na kuuacha mdomo wa bomba ukiwa wazi. Ndani ya matangi mengi huwa na vizuizi vya bati vya kupunguza mawimbi hayo. Vikivunjika, tatizo huzidi.

Ya nne ni joto. Magari mengi ya petroli ya siku hizi yana pampu ya umeme iliyozama ndani ya tangi, na mafuta ndiyo huipoza. Yakipungua, pampu hupata joto. Aidha, katika magari yanayorudisha tangini mafuta yasiyotumika, mafuta hayo hurudi na joto la injini, na kiasi kidogo hupata moto upesi. Mchana wa Lodwar, ambapo nyuzi 35 za Selsiasi ni jambo la kawaida, pampu iliyochoka hushindwa kabisa.

Namna ya kuchunguza

Kwanza, hakikisha kwamba mshale hausemi uongo. Pima mafuta unayoongeza kwa mtungi unaojua ujazo wake, kisha andika mshale ulipo tatizo linapoanza. Likianza kila mara pale pale, shuku ufa. Likiwa linahamahama, shuku uchafu au joto.

Pili, angalia mahali. Gari likidhoofika mwinukoni na kwenye kona tu, kisha likapona kwenye tambarare, mafuta yanakimbia mdomo wa bomba. Likidhoofika hata kwenye tambarare, endelea na uchunguzi.

Tatu, tatizo linapotokea fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu na gari likapona, tundu la kupumulia limeziba. Kasoro hii hutokea hata tangi likiwa na mafuta mengi, hivyo usiichanganye na hizo nyingine.

Nne, zima injini na usubiri kama dakika 15. Gari likiwaka na kwenda vizuri kwa muda, kisha likachoka tena, huenda uchafu ulioganda kwenye chujio ulidondoka na sasa umevutwa upya. Ikiwa hali hiyo huja saa za jua kali tu, na usiku haipo, ni pampu inayoshindwa na joto.

Tano, ongeza lita 10 za mafuta safi. Nguvu ikirudi papo hapo, kasoro ni ya kimo cha mafuta: ufa au mawimbi. Isiporudi, angalia chujio na pampu.

Sita, fungua kizibo cha chini ya tangi injini ikiwa imepoa, ukinge mafuta kidogo katika chupa inayoonyesha ndani. Yaache yatulie. Maji yatajitenga chini, na kutu utaiona kwa macho.

Kwa gari la dizeli kuna jaribio la mwisho ambalo humaliza ubishi. Ondoa bomba linalotoka tangini, uweke mahali pake mpira safi uliotumbukizwa katika mtungi wa dizeli, utoe hewa kwa pampu ya mkono, kisha uwashe injini. Ikinguruma bila kukatika, hukumu imetoka: tangi au bomba lake ndilo lenye makosa. Jaribio hili lisifanywe kamwe kwa petroli, kwani mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo.

Kadhalika, usisahau mafuta yaliyochanganywa. Uchakachuaji kwa mafuta taa ulienea nchini kiasi kwamba mnamo 2018 serikali iliyatoza ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuuzuia. Lakini mafuta ya namna hiyo hudhoofisha gari tangi likiwa limejaa au tupu.

Kabla ya kuondoka

Tiba ya mengi kati ya haya si ghali. Kuosha tangi, kubadilisha chujio au kuziba bomba ni kazi ambayo fundi wa mjini huweza kuifanya kwa siku moja. Ghali ni kuifanya kazi hiyo juani, bila vifaa, mbali na watu.

Basi, mwenye gari linalotoa dalili hizi asiliamini kwa sababu tu amelijaza. Kabla ya kwenda Todonyang, au hata Kakuma iliyo umbali wa takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, aliendeshe karibu na mji mafuta yakiwa chini ya robo, akiwa na mtungi wa akiba. Likikatika huko, atarudi kwa miguu.

Akiwa safarini, achuje kila mafuta ya mtungi kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, abebe chujio la akiba, na ajaze tangi likifika nusu. Naye asivuke laga kabla ya kusikiliza injini kwanza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa dereva wa Turkana, ufa wenyewe huenda umo ndani ya tangi, mahali asipouona, ukingoja mafuta yashuke.