Hesabu ianzie mu mikono



Sisi wa sendika tunaona kila mwezi: baba anashika karatasi ya mshahara, anauliza, "Banakata ngapi hapa?" Mutoto wake wa darasa la tano anajua kuzidisha kwa kichwa, lakini hawezi kumusaidia. Juu ya nini? Hesabu aliiimba tu, mikono haikugusa kitu.

Mutoto mudogo apange vifuniko vya chupa kumi kumi. Vikifika 100, ameona mwenyewe mia ni nini. Mama akipima unga na meka, amuulize: meka moja franka ngapi, tatu je, chenji inabaki ngapi? Jioni, chimbeni kisolo mu udongo: mistari 4 ya matundu 7. Yote ngapi? Mwenye kutupa mawe bila kuhesabu mbele, anashindwa.

Kwa wakubwa, asilimia. Hesabuni maharagi 100, toeni 3 kando. Hiyo ndiyo tenere ya 3%, ni kusema kiasi cha shaba mu mawe. Basi mufuko wa kilo 50 uko na shaba kilo 1 na nusu. Muchimbaji asiyejua ile hesabu, munuzi anamutajia tenere na bei, naye anapokea tu.

Walimu, acheni batoto bapime, bakate, bagawanye mu darasa. Bazazi, tukae nabo kidogo kila jioni. Mutoto mwenye kuzoea mizani, kesho hawatamuibia kilo.