Nomino za Jamii za Wanyama na Asili Zake

Nomino ya jamii hutaja vitu vingi kama kitu kimoja. Tunasema numbi ya samaki wanapokuwa baharini, mtungo wa samaki wakishapitishwa katika kamba, na bumba la nyuki walioshikamana. Mtungo hutokana na kitenzi tunga. Bumba ni donge lolote. Hapa asili ni wazi.

Asili nyingine ni za kisadfa. Katika Kiingereza, kundi la samaki huitwa "school". Neno hilo lilitoka katika Kiholanzi cha zama za kati, likimaanisha kundi. Lile la shule lilitoka katika Kigiriki kupitia Kilatini. Maneno mawili yasiyo na undugu yaliishia kufanana. Vilevile, kitabu cha uwindaji kilichochapishwa St Albans, Uingereza, mwaka 1486, kiliorodhesha majina ya makundi ya wanyama pamoja na ya watu, mengine yakiwa ya mzaha. Baadhi yake yangali yanatumika.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayeandika "shule ya samaki" amefasiri sadfa ya lugha nyingine. Tusimcheke, tumweleze chanzo cha kosa, kisha tumpe neno numbi.

Tuzingatie pia upatanisho. Kitenzi hufuata nomino ya jamii, si mnyama:

(a) Bumba la nyuki limetua mtini.
(b) Numbi ya samaki imeonekana.
(c) Makundi ya ng'ombe yamevuka mto.

Tusiandike: Bumba la nyuki wametua mtini.