Unajikuna? Usione haya, sema!

Hebu fikiria hali hii. Ni saa tano usiku, taa za bweni zimezimwa. Kitanda cha juu mtu anajikuna. Kitanda cha chini mtu anajikuna. Wewe pia unajikuna chini ya shuka, polepole, ili mwenzako asisikie. Asubuhi kila mmoja anavuta mikono ya sweta afunike vidole, na hakuna anayesema neno.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Magonjwa ya ngozi yanapenda sana kufichwa, maana hapo ndipo yanapopata nafasi ya kuhamia kwa jirani. Leo tuzungumzie matatu yanayowasumbua wanafunzi: upele, mapunye na chunusi. Mawili ya kwanza yanaambukiza. La tatu haliambukizi kabisa.

UPELE

Upele huletwa na kidudu kidogo mno, hakifiki hata nusu milimita. Jike huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai. Mwili wako unapambana na kidudu hicho pamoja na uchafu wake, ndiyo maana unawashwa, hasa usiku. Jiangalie katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni na sehemu za siri.

Eti ni ugonjwa wa wachafu? Hapana bwana. Kidudu hiki hakijali kama umeoga. Kinachokisaidia ni ngozi kugusana kwa muda, kama kulala wawili kitanda kimoja, na pia kuazimana nguo na taulo. Tena, kama ni mara yako ya kwanza, muwasho unaweza kuchelewa kwa wiki 4 hadi 6. Wakati wote huo unaweza kumwambukiza mwingine bila kujua.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mmoja anajipaka dawa kwa siri, anapona, baada ya wiki chache anawashwa tena. Analaumu dawa. Kumbe ameambukizwa upya na mwenzake wa kitanda cha jirani!

Dawa zipo. Ya maji meupe inaitwa benzili benzoeti, wengi wanaijua kwa jina la BBE. Ipo pia krimu ya pemethrini. Hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, si pale panapowasha tu, na hurudiwa kama mganga atakavyokuelekeza. La muhimu, bweni zima lipake siku moja, hata wale wasiowashwa. Siku hiyo hiyo fueni shuka, nguo na taulo kwa maji ya moto, anikeni juani na pigeni pasi. Kisichofulika kifungwe vizuri kwenye mfuko kwa wiki moja, kwani kidudu hakiishi siku nyingi nje ya mwili wa mtu.

Usishtuke ukiendelea kuwashwa kwa wiki 2 hadi 4 baada ya tiba. Usijipake kila siku kwa hasira, utaichoma ngozi bure. Lakini usipuuze vidonda vya kujikuna. Bakteria wakiingia humo, madhara yanaweza kufika hadi kwenye figo.

MAPUNYE

Haya ni ya fangasi. Kichwani nywele hukatika na kubaki viraka vyenye magamba. Mwilini hutokea duara lenye ukingo ulioinuka na katikati kama pamepona. Wengine huliita choa. Njia zake ni chanuo, kofia, taulo na mashine ya kinyozi isiyosafishwa.

Choa cha mwilini hutibika kwa krimu ya klotrimazo au mafuta ya Whitfield. Endelea kupaka kwa muda ulioambiwa, hata duara likishapotea. Mapunye ya kichwani ni habari nyingine. Fangasi imeshaingia ndani ya unywele, kwa hiyo kupaka tu hakutoshi. Unahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, na vidonge hivyo vinatolewa na mganga.

CHUNUSI

Ukibalehe, homoni huziamsha tezi za mafuta. Mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa, vinyweleo huziba, bakteria hustawi na pale panavimba. Si uchafu, si laana. Na wala haziondoki kwa kufanya ngono! Anayekwambia hivyo anatafuta lake.

Osha uso mara 2 kwa siku kwa sabuni isiyo kali. Acha mafuta mazito ya mgando usoni. Usikamue, utabaki na makovu. Dawa ya benzoili peroksaidi husaidia, ila ina subira yake: wiki 6 hadi 8 ndipo utaona tofauti. Kama ni kubwa na zinauma, nenda zahanati mapema.

JIHADHARI NA KRIMU ZA HARAKA

Rafiki anakwambia, "Paka hii, siku tatu tu uso poa." Mara nyingi ni krimu yenye steroidi, kama betamethasoni au klobetasoli. Kweli, wekundu unatulia. Lakini chini yake fangasi inaenea, ngozi inakuwa nyembamba na chunusi zinarudi kwa wingi. Mikorogo mingine ina zebaki, ambayo huharibu figo. Ndiyo maana nchi zilizokubaliana Mkataba wa Minamata mwaka 2013 ziliamua kuiondoa kwenye vipodozi. Krimu isiyo na maandishi ya vilivyomo, iache hapo hapo dukani.

USICHELEWE KWENDA ZAHANATI

Nenda kama kuna usaha na homa, au kama una baka ambalo ukiligusa huhisi kitu. Hilo linaweza kuwa ukoma. Usiogope: ukoma unapona, na tangu mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani limehakikisha dawa zake zinatolewa bure. Ukiwahi, unaepuka ulemavu.

Basi, usiku wa leo mtu akijikuna kitanda cha juu, usijifanye umelala. Mwambie, "Hata mimi." Kesho asubuhi nendeni pamoja kwa matroni au mwalimu wa zamu. Ni rahisi kutibu bweni lililosema kuliko bweni lililonyamaza.