ZIBA PAA KABLA YA MVUA

Ndugu msomaji wa Mbinga, na wewe wa Liuli na Mbamba Bay ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mvua zetu hunyesha mpaka Aprili. Je, paa lako linavuja? Mahindi na mihogo mikavu ikilowa huota ukungu, nao ukungu una sumu. Ukuta wa matofali mabichi ukilowa huanguka, pengine watu wamelala.

Usiweke sufuria chini ya tone ukaridhika. Kukikucha, funga mlango, tazama juu. Penye mwanga pana tundu. Lakini maji hufuata fito kabla ya kudondoka. Basi tafuta tundu juu zaidi ya pale yanapodondoka.

Wengi hutupia nyasi mpya juu ya tundu. Hiyo ni kazi bure! Maji hupenya chini yake. Toa nyasi zilizooza. Inua nyasi za juu, ingiza kicha kipya chini yake, kifunge kwenye fito kwa kamba. Nyasi za juu zifunike za chini.

Paa la bati huvuja zaidi penye misumari. Ng'oa msumari uliolegea, uvishe kipande cha mpira wa baiskeli, upigilie tena. Ukiwa juu, kanyaga penye mstari wa misumari, kwa maana hapo chini pana mti. Mti wenyewe ukiwa umeliwa na mchwa, usipande.